Wimbo wa Mwisho Kwenye Flashi

Jumanne, 4 Februari

Foleni ya malori hapa mpakani Malaba leo imefika hadi kituo cha mafuta. Ikifika hapo najua sipumziki. Madereva wakisimama sana wanachoka na nyimbo zao, na wakichoka wanakuja kibandani kwangu. Kazi ni ileile. Dereva analeta flashi, nafuta zilizomo, naweka mpya. Rumba kwa wanaoenda Kongo. Injili kwa wamchao Mungu, na kwa wale wanaotaka wake zao waamini hivyo. Vijana wanataka rapu ya siku hizi. Naweka, lakini uso nimeukunja.

Ile si rapu. Mtu anataja jina lake, anataja viatu vyake, halafu anarudia neno moja mpaka unataka kumpa maji. Sisi tulikuwa tunaandika. Mistari kumi na sita, na hadithi ina kichwa na miguu.

Kwa hivyo nina mazoea yangu. Kila flashi inayopita mikononi mwangu, mwisho kabisa naweka wimbo mmoja ambao hakuna aliyeuomba. Wimbo wetu. Kundi letu la Ng'ambo Mbili, mimi na Wandera, enzi za kaseti. Krismasi iliyopita binti yangu Amoit aliutoa kwenye kaseti akauingiza kwenye kompyuta hii ya kibanda. Zawadi yangu. Alipomaliza tu, mashine ikautafuna utepe. Tulipona kwa tundu la sindano.

Kuusikiliza sijausikiliza. Sauti yangu mwenyewe inanitia haya. Nautuma tu barabarani uende.

Ijumaa, 7 Februari

Amoit amekuja kutoka Alupe. Anasoma chuo huko, wikendi yuko nyumbani. Alipitia kibandani kwanza, akaweka visikizio masikioni, akakaa kwenye kompyuta mpaka nikafunga. Anatengeneza vitu vyake vya muziki. Sijawahi kusikia hata kimoja. Hanipi, siombi.

Wakati wa chakula tukabishana. Yale yale. Nikasema rapu ilikufa, sasa wanacheza na maiti. Akasema, "Papa, hata nyinyi mlikuwa na takataka mingi. Ni vile mmeisahau." Nikasema takataka yetu ilikuwa na vina. Akacheka. Mama yake akacheka. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri.

Lakini mimi nikiona nashinda huwa sijui kunyamaza. Nikasema, na wewe hizo zako unazofungia kwenye visikizio, ni kelele tu kama za wenzako.

Akasema, "Sawa, Papa." Akaendelea kula. Mama Amoit alinitazama vile anavyomtazama dereva aliyepokea chai yake ya kuuza na kuwasha injini kabla ya kulipa.

Jumatano, 12 Februari

Siku njema. Nataka niiandike vizuri.

Rashidi amerudi kutoka Kampala. Ni mtu wa Busia mjini, msikiti na lori, hana la tatu. Ametoa flashi yake akasema, "Boss, futa zote, lakini ile ya mwisho uache." Nikajifanya sikuelewa. Ipi? "Ile ya mwisho. Turnboy wangu, huyu kijana wa kunisaidia garini, anairudisha kila mara. Sasa hata mimi nimeijua."

Nilitulia. Nikasema aa, ile. Nikaiacha. Alipoondoka nikatoka nje nikasimama juani bila sababu.

Nimempigia Wandera. Siku hizi ni mzee wa kanisa kule Funyula, hataki watu wajue alikuwa akiitwa nani. Nikamwambia tunachezwa Kampala. Akauliza polepole, "Na ule mstari wa askari umo?" Umo, nikasema. Nilimsikia akicheka peke yake.

Nimemwandikia Amoit kwa simu: Za kale zinaombwa na madereva wenyewe. Amejibu kwa kidole gumba.

Jumatatu, 17 Februari

Wanaouomba wameongezeka. Mmoja wa kwenda Juba. Mmoja wa Kigali. Wote ile ya mwisho. Mmoja alisema eti yule msichana anaimba vizuri.

Hapo nilicheka mpaka nikashika meza. Wandera ujanani alikuwa na sauti nyembamba, tulikuwa tunamsumbua nayo. Nikampigia. Nikamwambia kuna dereva amekudhania msichana. Amenuna. Mzee mzima wa kanisa, amenuna.

Nimefikiri sana leo kwa nini sisi tulikuwa bora. Tulikuwa na njaa. Studio ilikuwa moja, mbali, unapewa nafasi moja tu ya kusema, kwa hivyo unakwenda ukiwa na neno. Hawa wana studio kwenye simu. Mtu akiweza kusema kila saa, atasema chochote. Nimelipenda wazo hili. Nimelisema kwa kinyozi, kwa muuza mayai, na kwa dereva wa Kigali ambaye alitaka tu flashi yake.

Jumatano, 19 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mama Amoit anauza chai na chapati kwenye foleni. Anatembea lori kwa lori na chupa zake mbili. Leo kabla ya adhuhuri alikuja kibandani, akaweka chupa chini, akaketi. Mama Amoit haketi kazini. Nikadhani ni mgonjwa.

Akasema, "Baba Amoit, kwa nini hukuniambia mtoto ameimba kunihusu?"

Nikamwambia sijui anaongea nini. Akasema amesimama chini ya dirisha la lori la Rashidi, ameisikia yote, mpaka chai ikapoa mkononi mwa mteja. Rashidi amemwambia imetoka kwangu.

Nikafungua kompyuta. Kwenye folda ya kaseti kuna nyimbo mbili. Moja ni yetu, kama ilivyotoka. Nyingine ni ya Amoit, aliyoijenga juu ya yetu, na ameipa jina lilelile la wimbo wetu. Tangu Januari nimekuwa nikituma yake. Kila flashi. Yetu haijawahi kuvuka hata barabara.

Nikaifungua, kwa sababu Mama Amoit alikuwa ameketi pale na ningekuwa mjinga kukataa. Biti ya siku hizi, ile ninayoisema vibaya kila siku. Halafu Amoit. Sauti yake, lakini ya mtu mzima. Anasema juu ya mama anayeamka kukanda unga, anayejua kila dereva kwa sukari anayotaka. Na kiitikio: Foleni imesimama, mama hasimami. Kinarudiwa, naam. Kila kinaporudi kimebeba kitu kipya.

Katikati, mimi. Nilitaka kukimbia. Mistari minne tu. Kumi na miwili ameitupa. Wandera amepewa minane.

Mama Amoit akajifuta uso na leso, akabeba chupa zake akarudi kazini. Mimi sikuhudumia mtu kwa muda mrefu. Walikuwa wakiomba wimbo wa mtoto wangu, na mimi nilikuwa nikipokea sifa zake kwa mikono miwili.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeacha kuuweka. Si wangu kuutuma. Wanaouomba nawaambia umepotea. Wananiona mchoyo.

Nimeusikiliza tena, peke yangu. Nimeandika hapa mistari minne aliyoibakisha:

Walichora mpaka katikati ya shamba,
Nyumba ya shangazi ikawa ng'ambo ya kamba;
Nikienda kwake kula naulizwa natoka wapi,
Mimi natoka jikoni, nyinyi mmetoka wapi?

Kisha nimesikiliza ile mingine kumi na miwili katika wimbo wa asili. Inahusu gari langu. Sikuwa na gari. Shoo tulikuwa tunaendea kwa baiskeli, Wandera amebeba kaseti, mimi nimembeba Wandera. Kuna mstari mzima kuhusu mkufu wa dhahabu. Mimi.

Aliyetupa alijua anachotupa. Imeniuma lakini ndivyo.

Ijumaa, 21 Februari

Amoit amekuja, nikamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimetayarisha kabisa: kwamba wanakupenda Kampala, wanakupenda Juba, na kwamba mimi nilikosea.

Hakufurahi. Wimbo ulikuwa haujaisha. Alikuwa na siku yake ya kuutoa, alikuwa anataka Mama ausikie kwanza, kwake, ameketi. Sasa Mama ameusikia chini ya lori.

Na hilo silo lililomuuma zaidi. Alisema, "Uliniambia ni kelele, Papa. Na hukuwa umeskia. Ungeskia ukasema ni mbaya, ningeelewa."

Nikasema jambo la kijinga, kwamba wewe pia umenikata mistari yangu. Akachukua begi lake akaenda kibandani, nikadhani anaenda kutulia kwenye kompyuta kama kawaida. Akapitia huko, kisha akashika njia ya Alupe bila kulala nyumbani. Ufunguo amemwachia kinyozi.

Jumamosi, 22 Februari

Folda haiko.

Nimetafuta kila mahali. Kwenye pipa la taka la kompyuta pia ametoa. Nikampigia, hakushika. Akampigia mama yake. Amefuta kila kitu, hata kwenye simu yake. Alikuwa na hasira, akafuta, na alipofika Alupe akaanza kulia kwa sababu alikumbuka kaseti ilikwisha kutafunwa. Anasema hatatengeneza tena. Amechoka na muziki, atasoma masomo yake.

Mama Amoit amenipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni. Akageuka akaenda foleni. Afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo wimbo wake umekwenda, na wetu umekwenda. Sauti ya Wandera akiwa kijana, imekwenda. Wetu naweza kuuzika. Wa Amoit siwezi. Mtoto akiacha kitu anachokipenda kwa sababu ya mdomo wa babake, huyo baba ataficha uso wake wapi?

Jumapili, 23 Februari

Nimekumbuka kanisani, katikati ya mahubiri. Malori.

Wimbo uko kwenye malori.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefunga kibanda nikaenda kwenye foleni. Kutoka lango la mpaka kurudi nyuma, lori kwa lori, nagonga mlango. Nina kompyuta mgongoni kama mtoto.

Ni kazi mbaya. Wengi si wateja wangu. Walio wateja wangu, nimewafutia mwenyewe. Hapo ndipo nimeuona ujinga wa biashara yangu. Dereva akirudi nafuta zote niweke mpya, na tangu Alhamisi nimekuwa nikifuta na ile ya mwisho, huku najiona mtu wa heshima. Lori moja baada ya jingine, nilipopita mimi hakuna kitu.

Rashidi yuko njiani kuelekea Juba. Nilimpigia. Turnboy amepoteza flashi Gulu, au ameiuza, hawaelewani. Nimewasikia wakigombana mpaka salio likaisha.

Mama Amoit alinikuta karibu na mzani wa malori, na chupa zake. Akanimiminia chai. Akaniuliza nimefika wapi. Kisha akasema atauliza yeye upande wa kushoto, mimi niendelee upande wa kulia. Ni maneno ya kwanza marefu tangu Jumamosi.

Jumatano, 26 Februari

Hakuna. Miguu imevimba. Kinyozi anasema nimekuwa kama mtu anayetafuta ng'ombe.

Wandera amepiga simu. Nikamweleza yote. Nilidhani ataomboleza sauti yake. Akauliza, "Na mtoto anakula?" Kisha akasema ataliombea jambo hili, lakini niendelee kutembea.

Alhamisi, 27 Februari

Umepatikana.

Mama Amoit ndiye. Lori la Mganda lililotoka Kampala, limebeba mbao, limevuka asubuhi. Alipita na chai yake akasikia kiitikio. Akaweka chupa chini akanipigia. Nilikimbia. Umri huu, nilikimbia.

Dereva ni mtu mnene mwenye kofia. Nikamwomba flashi dakika moja tu. Akakataa. Anasema wimbo aliunakili kwa dereva mwenzake Kampala, na kuna mtu hapa Malaba akishika flashi yako anafuta. Sikumwambia kwamba ndiye mimi. Nikamwambia aliyeimba ni binti yangu. Akanitazama vizuri. Akasogeza koti lake kwenye kiti. "Ssebo, bwana, panda. Tusikie kwanza."

Nikapanda. Mama Amoit akapanda nyuma yangu, kwenye kitanda cha dereva. Dereva akaucheza kwa sauti yote. Anaujua neno kwa neno, Kiswahili chake cha Kampala kinagongana na vina lakini hajali. Ilipofika mistari yangu alinyooshea kidole kioo cha pembeni, kwenye lango la mpaka nyuma yetu, akasema kwa nguvu kuliko mimi nilivyowahi: nyinyi mmetoka wapi? Askari aliyekuwa akipita akageuka.

Mimi ni Mteso, na mpaka huu ulitupita katikati. Shangazi yangu kweli alikuwa ng'ambo, karibu na Tororo. Niliandika mistari ile nikiwa na njaa ya kweli na hasira ya kweli. Sikuwahi kuona mtu akiisema kama yake. Imebidi binti yangu aiweke kwenye biti ninayoichukia ndipo ifike. Nimelia kidogo. Dereva alijifanya anatafuta kitu kwenye dashibodi.

Nimeunakili mara tatu.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekwenda Alupe mwenyewe. Amoit alitoka hosteli na kandambili, uso umemkauka. Nikampa flashi. Nikamwambia nilichokuwa nimekariri njiani, kifupi. Kwamba nimeusikia. Kwamba si kelele. Kwamba ni mzuri kuliko wetu, na sisemi hivyo kwa sababu yeye ni wangu. Na kwamba ile mistari kumi na miwili ya gari na mkufu alifanya vyema kuitupa.

Akasema, "Ile ya mkufu ilinichekesha siku mbili."

Tukakaa kwenye ngazi. Akaniambia hata yeye nyingi za sasa hazipendi. Zinazosukumwa kila mahali, nyingi ni tupu, anajua. Lakini za kwangu pia nimebakiziwa na muda zile nzuri tu, takataka imeoza zamani. "Subiri miaka ishirini, Papa, uone za kwetu zitakazobaki." Nikasema nitakuwa nimekufa. Akasema basi nitakuchezea kaburini, kwa spika kubwa. Alikuwa amerudi, nikamsikia kwenye sauti.

Ataumalizia. Lakini mistari yangu ina mvumo wa kaseti, unaharibu. Anataka niirekodi upya.

Jumatano, 5 Machi

Nafanya mazoezi nikiwawekea watu nyimbo. Wateja wananitazama. Mama Amoit amepita mara mbili na mara zote amecheka. Pumzi haitoshi mstari wa tatu. Zamani niliusema huku naendesha baiskeli.

Wandera hataki kurekodi upya. Anasema mzee wa kanisa ni mzee wa kanisa, yule kijana wa kaseti aachwe aseme minane yake. Minane. Hachoki kuitaja.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba cha hosteli. Blanketi ukutani, kipaza sauti kimefungwa kwenye ufagio. Wenzake wawili wameketi kitandani, wananiita mzee na heshima nyingi, na hilo halikusaidia.

Nikasema mistari yangu. "Tena, Papa." Nikasema. "Tena. Usisome, sema." Nilikuwa nasema. Mara ya mwisho niliona imeingia vizuri, kifua kilikuwa kimefunguka. Akavua visikizio, akasema asante tu. Tumekula mandazi. Nimerudi nyumbani nikijisikia kijana, nikamwambia Mama Amoit ajitayarishe kuwa mke wa nyota.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Foleni fupi leo, nimefunga mapema.

Amoit amekuja. Amemketisha mama yake kwenye kiti kizuri, amemvua hata leso ya kichwa asikie vizuri. Chai amepika yeye. Mimi nikakaa karibu na mlango, pale nilipozoea kutorokea.

Wimbo umekamilika. Umekuwa msafi, kila kitu kimepata nafasi yake. Mama Amoit ametulia, mikono mapajani. Nikangoja mistari yangu. Ikaja. Mvumo wa kaseti, na yule kijana wa baiskeli, sauti kavu, mwenye haraka, anauliza mmetoka wapi kama mtu ambaye kweli anataka kujibiwa. Yule mzee aliyerekodi Jumamosi hosteli hayumo.

Ulipoisha nikamtazama Amoit. Akainamisha kichwa, akawa anakwangua sufuria ambayo haikuwa na kitu. Akasema, polepole ili isiniumize, "Nilijaribu zote mbili, Papa. Ile ya zamani ni bora."

Miaka yote hii nimengoja mtu wa nyumba hii aniambie maneno hayo. Nilitaka kubisha. Sikupata pa kushikia.

Mama Amoit akaomba uchezwe tena. Nikasogea kutoka mlangoni, nikaongeza sauti mimi mwenyewe.